Cheti cha Mkwe

Ilumba,
9 Juni 1936

Kwa mke wangu, Mama Anselm,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, maana njia ya kutoka Tabora mpaka huku si njia, ni mashimo yaliyoshikana mikono. Dereva wetu Shilinde anasema hili gari la malale litakufa kabla ya wagonjwa wake. Ndiye atakayekuletea barua hii. Mpe uji, usimpe pombe.

Basi tumefika kwenu. Ndiyo, Ilumba yenyewe! Mwanangwa, mkuu wa kijiji chenu, aliwakusanya watu tangu jua la kwanza, wakapanga mstari kuanzia mlangoni kwake mpaka kwenye mizinga mipya ya asali iliyokuwa inangoja kutundikwa. Wengine walikimbilia porini waliposikia habari za sindano, lakini wengi walikaa, kwa sababu nzi wa malale, hawa ndorobo wa huku, wameshawazikisha vya kutosha. Kazi ni ile ile niliyokuonyesha: mimi nasimama mbele, nawashika watu shingo mmoja mmoja, natafuta matezi. Nikikuta tezi, mtu anaingia hemani kwa Mussa, anatobolewa kidole, damu yake inatazamwa kwa hadubini. Asiye na tezi anapewa cheti kwamba ni safi, anarudi kwenye asali yake. Watu mia mbili na kumi na wanne kwa siku moja, mke wangu! Bwana daktari aliwahi kusema mbele ya wote kwamba vidole vyangu vinaona kuliko hadubini. Sijisifu, nasema alivyosema.

Tumepata wagonjwa tisa, wanapelekwa kambini kuchomwa sindano. Wakiwahiwa mapema hivi, wengi wanapona. Mkwe naye alikuja mstarini. Amepimwa, ni safi. Cheti chake nimekitia sahihi mimi mwenyewe. Kwa hiyo tuliza roho.

Amekuletea kibuyu cha asali. Anselm asikimalize peke yake.

Mumeo,
Tobias


Kanyenye, Tabora,
21 Juni 1936

Baba Anselm,

Milele, amina. Shilinde amekula uji bakuli mbili, na pombe hakupewa, ingawa aliniapia kwamba wewe umeruhusu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaivusha ua nikamsomea jirani yetu Mwanahawa, mpaka akaniambia, "Eustadia, nimesikia, mama yako ni safi, niache basi vitumbua vyangu vinaungua." Wewe hujui nilivyokuwa. Tangu baba alipokufa kwa malale, amelala na tonge mkononi, na sisi tumemzunguka tunamtazama hatujui la kufanya, kila nikifikiri kwetu namwona mama amekaa pale pale alipokaa baba. Sasa nimeshusha mzigo. Asante, mume wangu. Asante sana.

Lakini nieleze jambo moja, maana nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu. Nani alimpima? Wewe na mama! Wewe ambaye tangu siku ya posa hujawahi kuuona uso wake sawasawa, na ukisikia anapita unajitupa hata kwenye zizi la mbuzi la watu! Au ulimshika shingo kwa mti mrefu, kama mtu anayetungua papai? Nilimweleza Mwanahawa kwamba kwetu mama mkwe haguswi, hatazamwi, wala hatajwi jina. Akasema, "Basi labda mumeo alifumba macho." Nijibu nicheke tena.

Na yale mafunzo yako ya kitandani, ulipokuwa unanishikashika shingo ukiniambia tezi la malale linakaa hapa, linateleza hivi, nami nakuambia acha kunitekenya, kumbe mwanao alikuwa anachungulia. Anashika shingo za kuku wote wa uani. "Safi. Safi. Huyu mgonjwa." Huyo mgonjwa ndiye tuliyemla Jumapili.

Mkeo,
Eustadia


Kigwa,
3 Julai 1936

Mama Anselm,

Barua nimeipata hapa stesheni. Tuna siku ya nne tumekwama, springi ya gari imekatika, tunangoja nyingine ije na treni.

Uliuliza habari ya mkwe. Mussa alimpima. Nilimwita, akatoka hemani, akampima yeye, mimi nikakaa pembeni kama ipasavyo. Hakuna la kuchekesha.

Nitumie ile fulana nzito, baridi ya asubuhi ni kali. Tena usiwasomee majirani barua zangu.

Tobias


Kanyenye,
20 Agosti 1936

Baba Anselm,

Fulana ulipata? Mbona kimya? Au bado umenuna kwa ajili ya Mwanahawa? Haya, sikumsomea tena.

Amefika mtu wa nta kutoka kwetu, ana barua ya mdogo wangu Mahona, aliyoandikiwa na katekista. Mama haendi tena kwenye mizinga. Anatwanga, mara mchi unasimama juu, ukimtazama amelala. Mchana ni kusinzia, usiku ni kuzunguka uani akigombana na watu ambao hawapo. Amemtukana Mahona matusi ambayo katekista alikataa kuyaandika. Mama yangu, Tobias! Mtu ambaye mbuzi akila mbegu zake anamwambia mbuzi pole!

Nilishtuka, siwezi kukuficha. Nilidhani ni ule ule wa baba. Kisha nikajituliza nikamjibu Mahona siku hiyo hiyo: si malale. Mama amepimwa na Mussa mwenye hadubini, mume wangu ametia sahihi, cheti anacho. Tafuteni kitu kingine.

Basi wametafuta. Wamekwenda kwa mfumu, yule mpiga ramli, naye amesema ubaya umo ndani ya nyumba ile ile. Mahona amemrudisha mkewe kwao. Miaka saba ya ndoa, yule dada mpole, ameondoka na ungo wake kichwani. Binti yao Kabula amebakizwa, ana miaka sita, ndiye anayemlinda mama asianguke motoni.

Niambie, wewe uliye mtu wa dawa: huzuni ya mume inaweza kumlaza mtu hivyo? Kuna dawa ya damu nipeleke? Nijibu upesi.

Eustadia


Igunga,
4 Septemba 1936

Mama Anselm,

Mpelekeni kambini. Usinijibu kwanza, mwandikie Mahona leo, ampeleke leo. Wasingoje kumaliza kupura mtama, wasingoje mfumu. Wambebe kwa machela.

Mtu mwenye cheti anaweza kuumwa na ndorobo baadaye. Hutokea. Usiniulize mambo ya hadubini wala ya Mussa, waambie wampeleke tu.

Mimi ningekwenda, lakini gari limeagizwa huku, na Ilumba ni mbali.

Mke wa Mahona arudishwe. Hana kosa.

Tobias


Kanyenye,
2 Oktoba 1936

Mume wangu,

Walimpeleka. Siku nne kwa machela, Mahona na watu watatu, Kabula akitembea nyuma. Hukuniambia kwamba kambi imejaa mpaka watu wanalala nje chini ya makuti. Dresa, muuguzi wa mlangoni, aliwauliza, "Huyu kwao kumepimwa?" Mama akaamka hapo hapo. Akavuta kile kifuko cha ngozi anachokivaa shingoni, akatoa cheti chako kimekunjwa vizuri, akampa kwa mikono miwili. Mahona anasema alikuwa anatabasamu. Anakiringia kile cheti, Tobias, huwaonyesha watu wote: mkwe wangu ameniandikia.

Yule dresa alisoma sahihi. Akasema, "Tobias? Huyo hakosei. Akisema safi, ni safi. Mzee amechoka tu, mrudisheni, nafasi ni ya wagonjwa." Hakuishika hata hiyo shingo. Akawapa dawa ya kichwa, wakageuza machela.

Siku nne tena za kurudi. Sasa hali mpaka amwagiwe uji mdomoni.

Mimi simlaumu yule dresa. Angejuaje? Nakuomba kitu kimoja: muulize Mussa kama anakumbuka alivyomkuta mama. Labda kulikuwa na kitezi kidogo akakipuuza. Akubali tu, sitamlaani, halafu wewe uandike cheti kingine kinachosema mgonjwa, nikipeleke kwa miguu yangu mwenyewe. Naomba, baba. Sijawahi kukuomba hivi.

Eustadia


Kanyenye,
12 Oktoba 1936

Tobias,

Leo Mussa alipita hapa, amepewa likizo ya siku tano. Nilimkaribisha, nikamchinjia kuku, nikamshukuru kwa kumpima mama yangu, kisha nikamwuliza taratibu kama anaweza kukumbuka shingo yake.

Aliacha kula. Akasema, "Shemeji, mimi Ilumba sikutoka hemani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Sikushika shingo hata moja. Wa shingo ni Tobias."

Kuku akamwacha sahanini. Aliondoka bila kunitazama.

Nina swali moja. Nani alimshika mama yangu shingo?

Eustadia


Kambini,
27 Oktoba 1936

Eustadia,

Hakuna aliyemshika.

Nilianza barua hii mara tatu nikitanguliza maneno mengine, nikazichana zote.

Siku ile mstari ulisogea mpaka nikaona mkwe ndiye anayefuata. Alijitandia kaniki kichwani akanipa mgongo, akapiga magoti. Mimi nami nikageuka nikampa mgongo. Tulikaa hivyo mbele ya kijiji kizima, na watu wakafurahi, wanawake wakapiga vigelegele, mwanangwa akasema vijana wa serikali bado wana adabu. Nilifurahi, sitakuficha. Mussa alikuwa hemani, hatua kumi. Ningemwita tu. Lakini ningelazimika kusema mbele ya wote, njoo umshike mkwe wangu shingo, nikaona ni kumvua nguo. Nao mstari ulikuwa mrefu. Karani akauliza jina, sikuweza kulitaja, mwanangwa akalitaja. Akauliza hali. Nikasema safi.

Kuna jingine, na ndilo linalonila. Kabla hajajitanda nilikuwa nimemwona. Alikuwa ameketi anangoja zamu yake, kichwa kimeanguka kifuani, mtu wa nyuma akamgusa bega ndipo akazinduka. Niliona. Nikajiambia, ni mzee, katembea tangu alfajiri, jua ni kali. Wangapi nimewaona wakisinzia hivyo mstarini, nami huwatoa wa kwanza! Nilijua, nikajifanya sijui.

Barua yako iliponifikia nilimwambia Shilinde tuondoke na gari bila ruhusa. Alinitazama usoni, akawasha. Tulifika Ilumba mchana wa siku ya pili. Mahona alikuwa mlangoni. Nikamwambia nataka kumpima mama. Akaniuliza neno moja tu, "Sasa?" Akanipisha.

Nilinawa. Niliingia. Kabula alikuwa anampepea nzi. Nilipiga magoti nikamwita jina lake, ambalo sijawahi kulitamka tangu nikuoe. Nilisema, "Kalunde." Nikamshika shingo. Matatu kushoto, mawili kulia, makubwa kama maharage, yanateleza. Mtoto yeyote angeyaona. Anselm angeyaona.

Akafumbua macho. Mahona anasema ana wiki mbili hamtambui mtu, hata yeye mwenyewe. Mimi alinitambua. Alivuta kaniki akajifunika uso, akaanza kutambaa. Hana nguvu ya kushika kata ya maji, Eustadia, lakini alitambaa mpaka ukutani ili anikimbie, akageuza mgongo, akasema kwa Kinyamwezi, polepole, "Baba, nisamehe, sikujua kama upo."

Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi.

Tumemleta kambini kwa gari. Safari hii cheti sikumwacha akitoe. Daktari amemvuta maji ya uti wa mgongo, yameonyesha malale yameshaingia kichwani. Wanamchoma sindano. Daktari anasema labda. Nimefanya naye kazi miaka mitano, naijua labda yake.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akaniambia nirudi kwenye gari Jumatatu, hana mtu mwingine wa shingo.

Njoo umwone. Sikuombi lolote kwa ajili yangu.

Tobias


Ilumba,
30 Novemba 1936

Tobias,

Mama tulimzika siku ya kumi na saba ya mwezi huu. Nilimkuta hai kambini, lakini hakujua ni mimi. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nami nikaitika, kwa nini nimkatalie?

Walinipa vitu vyake: kaniki, bangili mbili, na kile kifuko cha ngozi. Cheti kimo ndani. Nakurudishia humu, ni chako.

Watu mazikoni waliuliza mkwe yuko wapi, nikasema yuko kazini. Usidhani nilikusitiri. Nilichoka tu kueleza.

Mke wa Mahona hajarudi. Tulituma watu wawili kumwomba radhi. Wazee wake waliwapa maji ya kunywa, wakawasindikiza njiani bila jibu.

Ijumaa gari lenu lilikuja. Nilikuona. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa Mahona, na sikutoka. Ngoma ya mwanangwa ililia asubuhi nzima. Walikuja watu kumi na wawili, na sita kati yao ni watu wa nyumba ya mwanangwa, hawakuwa na hiari. Nilikuona umesimama pale mbele, mikono umeinawa, huna wa kumshika. Mussa alizunguka mlango kwa mlango akiwasihi. Alipofika hapa alimkuta Mahona, naye alimjibu walivyomjibu wengine wote: Kalunde alikuwa na cheti. Mussa akaondoka. Gari likaondoka. Jioni ile ile mvua ilianza, na haijakatika, na watu wanasema mto umeshapita magogo ya daraja. Gari halitaonekana tena huku mpaka Juni.

Nilipaswa kutoka Ijumaa. Nisikilize kwa nini nasema hivyo.

Jumamosi nilikuwa namsuka Kabula nywele. Nilipomwinamisha kichwa, vidole vyangu vilipita shingoni, nikakumbuka mahali uliponionyesha. Yapo mawili kushoto. Nikasema labda ni chawa, labda ni kidonda cha kichwani, nikamtafuta kidonda kichwa kizima, sikukiona. Jumapili nilimshika tena. Mawili, yanateleza.

Nilimwambia Mahona twende kambini kwa miguu, tuzungukie juu mto unakopungua, siku saba au nane, nitambeba mimi mwenyewe. Akasema, "Mama mlisema hana, kumbe anaye. Huyu mnasema anaye. Nyie hamjui lolote." Nikamwambia tatizo halikuwa vidole, tatizo ni kwamba hakuna aliyeshika. Nikamweleza yote, Tobias, ya wewe na mama kupeana migongo. Unajua alichosema? Alisema, "Basi hapo alifanya sawa. Ulitaka amshike?" Nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu mwenyewe, nikamshika miguu. Ameketi mlangoni na shoka lake la asali. Mama alikwenda kambini mara mbili, anasema, mara ya kwanza walimrudisha na mara ya pili walimwua. Huyu hatoki.

Mtu wa nta anasema atajaribu kuvuka na barua hii. Hata ikikufikia, sijui utafanya nini nayo.

Leo mchana Kabula alilala huku anatafuna. Nilimtoa tonge mdomoni kwa kidole. Nikamshika shingo tena, namwomba Mungu niwe nimekosea, na sikukosea. Ulinifundisha vizuri.

Eustadia binti Kalunde